Mgongo wa Trela

Kazi ya kuunda trela dogo la kulalia haianzi na msumeno. Huanza na upapi, ubao mwembamba uliopindwa juu ya plaiwudi iliyolazwa sakafuni, ukashikiliwa na misumari midogo. Jirani yangu hapa Minnesota, mzee aliyestaafu, aliushughulikia upapi wake jioni mbili nzima. Anapiga magoti, anafumba jicho moja, anasogeza msumari kwa upana wa ukucha, anarudi nyuma kutazama tena. Upapi haukubali kona ya ghafla, ndiyo maana mstari wake hupendeza kuliko ule wa mkono. Penseli aliishika siku ya tatu.

Wamarekani wamekuwa wakijiundia matrela haya ya kulalia porini, yenye umbo la tone la maji, tangu miaka ya 1930. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia wengine walitumia alumini na magurudumu yaliyobaki jeshini, na mwaka 1947 jarida la Mechanix Illustrated likachapisha ramani ya kuyaunda. Sakafu kwa kawaida ni futi 4 kwa 8, yaani plaiwudi moja nzima, kipimo kilekile cha madukani kwetu Afrika Mashariki. Ndani ni kitanda tu. Jiko liko nyuma, chini ya mlango unaofunguka kwenda juu.

Mlango huo ndio mtihani, kwa sababu lazima ulale sawasawa juu ya mgongo uliopinda. Mzee alichonga mbavu, akazigandisha kwa gundi na plaiwudi ya milimita 3, akaubana mlango juu ya kuta zenyewe mpaka ukakauka. Alipoondoa vibano ukajinyoosha kama upinde uliolegezwa kamba, na chini pakabaki mwanya wa kuingia kidole. Komeo lingeweza kuuvuta ukafunga. Hakutaka. Aliuweka kando akaunda mwingine, safari hii akiupinda kupita kipimo, ili ukijinyoosha ufike pale hasa unapotakiwa. Zilikwenda wiki mbili, nami nilimheshimu kwa kila siku ya hizo wiki.

Mizani ya bafuni nayo ilipata kazi: aliiweka chini ya shingo ya trela. Asilimia 10 hadi 15 ya uzito wote inafaa iegemee gari linalovuta, la sivyo trela huyumba barabarani. Shingo ilikuwa nyepesi mno, akahamisha betri kutoka nyuma kuileta mbele.

Kisha maji. Kingo za plaiwudi hunywa maji kuliko uso wake, kwa hiyo alizipaka epoksi mara tatu, hata zile ambazo alumini ingezifunika milele. Jumamosi moja akanipa mpira wa bustani nimwagie paa. Yeye alilala ndani na tochi, akipapasa kila kiungo kwa ncha za vidole. Baada ya nusu saa nikamwuliza kama inatosha.

"Bado," akajibu kutoka ndani. "Sasa upande wa bawaba, polepole."