Kidole Kimoja Kwenye Klachi

Mwendeshaji hodari wa pikipiki za porini humtambui kwa kishindo. Simama kando ya kilima chochote cha Machakos siku ya mashindano utawaona wengi wakipita injini zikilia, mawe yakiruka nyuma yao, na utaamini kwamba hao ndio wenye kazi. Kisha atapita mmoja ambaye injini yake inanguruma chinichini, gurudumu lake la nyuma halichimbi ardhi na mabega yake hayayumbi. Mpime kwa saa. Mara nyingi huyo ndiye aliyefika kileleni mapema kuliko wote, na ukimtazama usoni anapovua helmeti, ndiye ambaye bado ana pumzi ya kuongea.

Nimeupenda mchezo huu kwa ajili ya watu wa namna hiyo. Kasi yao hutoka kwenye upole wa mkono, na upole huo hujengwa kwa miaka.

Mbio hizi hazina uwanja. Njia hupitia vijia vya mbuzi, mito ya msimu iliyokauka, miamba mitupu na makorongo yaliyochongwa na mvua. Kuna zile ambazo washindani hupangwa kwa safu, injini zimezimwa, bendera ikishuka kila mtu anawasha na kuingia porini, wakizunguka mzingo wa kilomita kadhaa mpaka muda uishe; aliyezunguka zaidi ndiye mshindi. Na kuna enduro ya asili, ambayo mtu huondoka kwa zamu akiwa na kadi ya muda, na kwenye vituo vya ukaguzi hutakiwa kufika dakika aliyopangiwa. Akichelewa anaadhibiwa, na akiwahi anaadhibiwa vilevile. Kanuni hiyo ya kuwahi ndiyo inayonivutia kuliko zote. Mchezo wa mbio unaomtoza mtu faini kwa kufika mapema unajua hasa unachokitafuta: mtu anayemiliki mwendo wake.

Chimbuko lake liko mbali. Waskoti walianza mashindano yao ya siku sita mwaka 1909, na mwaka 1913 mji wa Carlisle, Uingereza, ukaandaa ya kwanza ya kimataifa, ambayo tangu 1981 huitwa International Six Days Enduro. Humo mshindani hutengeneza pikipiki yake kwa mikono yake mwenyewe, hata tairi hubadilisha mwenyewe. Barani kwetu, Lesotho imekuwa na Roof of Africa tangu 1967, na waliopita katika milima ile huizungumzia kwa heshima. Kenya ina mizizi yake pia. Uwanja wa Jamhuri jijini Nairobi umelea waendeshaji wa motokrosi, na Shirikisho la Michezo ya Magari la Kenya husimamia magari na pikipiki kwa pamoja. Tunao pia ndugu wa magurudumu manne, Rhino Charge, ulioanza 1989 kuchangia uzio wa msitu wa Aberdare. Gari hupewa saa kumi kupita vituo kumi na vitatu, na anayeshinda ni yule aliyevipita vyote kwa umbali mfupi zaidi. Nchi iliyobuni mchezo kama huo haihitaji kuelezwa kwamba kuichagua njia ni ufundi wa peke yake.

Lakini ninaowasifu hapa ni wa ridhaa. Ni watu wenye kazi zao za wiki nzima, ambao Jumapili alfajiri hupakia pikipiki kwenye pikapu, wakaifunga kwa kamba na kuelekea Lukenya au milima ya Iveti. Petroli wanajilipia, vipuri wanajinunulia, na wakivunjika mfupa wa bega, gharama ni yao.

Machakos huwafunza vizuri kwa sababu ardhi yake haitulii. Kwenye nyanda za Athi na Kapiti udongo ni mweusi, unaopasuka nyufa wakati wa jua na kuganda kwenye magurudumu mara mvua ikinyesha, hadi tairi hugeuka kuwa mduara laini usioshika kitu. Ukipanda Lukenya unakuta mwamba mgumu, ule ambao wapanda miamba wa Nairobi wameuzoea kwa miaka mingi. Iveti na Mua ni udongo mwekundu uliochanganyika na kokoto zinazobingirika. Upande wa Yatta, chini ya ile bapa ndefu ya lava inayoufuata Mto Athi kwa karibu kilomita 300, kuna mchanga wa mito mikavu. Kila udongo una amri yake. Mchanga hutaka uzito uwe nyuma na mafuta yasikatwe, kwani ukisita gurudumu la mbele linazama. Mwamba mkavu hushika vizuri na humwadhibu anayekosa usawa. Kokoto hutaka utulie na kuiacha pikipiki icheze chini yako, maana ukikaza mikono kila jiwe litakufikia mabegani.

Hata macho hayaaminiki huku. Nje ya mji wa Machakos, upande wa Mutituni, kuna Kyamwilu, ambako gari likiwekwa gia huru huonekana kupanda lenyewe na maji yaliyomwagwa barabarani huonekana kutiririka kwenda juu. Wageni hufika kushangaa. Linalotokea pale ni jicho kudanganywa: vilima vya kando vimeuficha upeo, na jicho likikosa upeo hukadiria mwinamo visivyo. Anayeendesha porini hukutana na udanganyifu wa namna hiyo, mdogo mdogo, kila anapoingia kivulini au anapokaribia ukingo asiojua kuna nini ng'ambo. Ndiyo maana husimama badala ya kukaa. Anasimama juu ya vikanyagio, magoti yameibana tangi kidogo, viwiko viko nje, na nyayo zake humwambia mwinamo halisi kabla macho hayajaamua.

Sasa tufike kwenye kidole. Kwenye mkono wa kushoto vidole vitatu hushika usukani, na cha shahada peke yake hukaa juu ya wenzo wa klachi. Hakiondoki hapo tangu mwanzo hadi mwisho. Anayejifunza hutumia klachi kubadili gia tu, akishaibadili anaiachia. Fundi wa mchezo huitumia kupimia nguvu. Mlima ukiwa mkali na mwendo ukishuka, injini ingetaka kuzima, naye huivuta klachi unene wa ukucha, injini ikapumua, kisha huirudisha taratibu hadi gurudumu la nyuma lishike. Jambo hilo hutendeka mara nyingi katika mita chache, na kwa mtazamaji halionekani kabisa. Kinachosikika ni sauti ya injini kubaki palepale huku mlima ukibadilika.

Sababu yake ni ya kimaumbile. Tairi linaloshika ardhi bila kuteleza lina nguvu zaidi ya lile lililokwisha kuteleza. Likianza kuzunguka bure, meno yake huufagia udongo wa juu, huchimba shimo, na pikipiki hukaa humo. Kwa hiyo kuongeza mafuta mlimani, kitu ambacho hofu humwamuru kila mtu kufanya, ndiko kunakomkwamisha. Mwenye ujuzi hukaa pale ukingoni mwa kuteleza na hupajua kwa sauti na kwa mtikisiko wa miguuni, kama mpishi anavyojua wali umeiva bila kufunua sufuria.

Uzito wa mwili nao una kazi yake. Akiegemea mbele mno, gurudumu la nyuma hukosa kushika; akirudi nyuma mno, la mbele huinuka na pikipiki humpindukia. Kati ya makosa hayo mawili kuna nafasi ndogo kama upana wa kiganja, na nafasi hiyo huhama mlima unapobadilika.

Na akishindwa katikati ya mlima? Hapa ndipo ninapomheshimu mtu kuliko anapofika kileleni. Asiyejua huvuta breki ya mbele, gurudumu linateleza kinyumenyume, mtu na chombo wanabingirika. Anayejua huacha injini izime ikiwa ndani ya gia, ili gurudumu la nyuma lijifunge lenyewe, kisha hulaza pikipiki polepole upande ule mlima unakopandia. Hushuka, huvuta gurudumu la mbele mpaka litazame chini, hupumua, huinyanyua, hurudi alikotoka na kujaribu mstari mwingine. Pikipiki hizi zina kilo mia na kitu. Kuinyanyua mara moja si neno. Kuinyanyua tena na tena, juani, kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 1,600, ndiko kunakomaliza watu, na hapo ndipo yule mpole anapovuna akiba yake.

Mwinuko huo huigusa na injini. Hewa ni nyepesi, na injini hupoteza takriban sehemu moja katika kumi ya nguvu zake kwa kila mita 1,000 za kupanda, kwa hiyo kwenye Iveti pikipiki si ile iliyoandikwa kwenye kitabu chake. Fundi mzuri huweka jeti ndogo zaidi kwenye kabureta ili mafuta yalingane na hewa iliyopo. Hubadilisha sproketi ya mbele kwa nyingine yenye jino moja pungufu, na jino hilo moja huipa pikipiki msukumo wa mlimani sawa na kuongeza matatu au manne kule nyuma. Mnyororo huuacha umelegea kiasi cha vidole vitatu kupita, maana shokamzoba ya nyuma ikididimia mnyororo hukaza, na ukiwa tayari umekazwa utakatika au utaharibu beringi. Tairi hulipunguza upepo hadi karibu paundi 12 au 14, lijitandaze juu ya mawe. Akipunguza zaidi, tyubu hubanwa kati ya jiwe na ringi na kupasuka. Ili tairi lenye upepo mdogo lisizunguke ndani ya ringi na kung'oa kipulizio, kuna kibano kidogo cha kulishikilia, ambacho mgeni hata hakioni.

Halafu kuna kichujio cha hewa, kazi isiyo na sifa hata kidogo. Vumbi jekundu la Machakos wakati wa kiangazi ni laini kama unga, na likiingia kwenye silinda hula ringi za pistoni ndani ya siku chache. Sponji ya kichujio huoshwa, hukamuliwa bila kusokotwa, huanikwa kivulini, hupakwa mafuta yake maalumu hadi kila tundu, na kingo zake hupakwa grisi ili zibane. Nimemtazama fundi akifanya hivyo kwa utulivu mkubwa usiku wa kuamkia mashindano, na nikajua pikipiki ile itamaliza.

Ingekuwa dhuluma kuandika haya bila kuwataja wanabodaboda. Tangu serikali ilipoondoa kodi ya ongezeko la thamani kwa pikipiki ndogo mwaka 2008, njia za Mua, Kathiani na Mwala zimejaa Boxer na TVS, ambazo shokamzoba zake hazididimii hata nusu ya zile za enduro zinazodidimia sentimita 30 hivi. Vijana hao hupanda na kreti za matunda, magunia, na mama mwenye mtoto mgongoni, kwenye vijia ambavyo mgeni angeviogopa hata bila mzigo. Hawana fursa ya kuteleza, kwa hiyo hawatelezi. Wachache wao wakipewa pikipiki ya mashindano na wiki chache za kuizoea watawasumbua wengi, na ningependa kuona vilabu vyetu vikiwafungulia mlango kwa bidii zaidi. Ujuzi tayari upo vijijini. Kinachokosekana ni chombo na ada.

Mwenye kazi ngumu kuliko wote, kwa maoni yangu, ni anayepanga njia. Machakos si pori tupu. Milima hii ina wenyewe, na ardhi yao imeokolewa kwa jembe. Miaka ya 1930 maafisa wa kikoloni waliitaja kama nchi iliyoharibiwa na mmomonyoko, na 1938 walipotwaa ng'ombe wa Wakamba kwa hoja hiyo, Muindi Mbingu aliongoza maelfu hadi Nairobi kupinga. Wakulima wenyewe ndio walioikomboa, kwa matuta ya fanya juu: mtaro huchimbwa kufuata usawa wa mlima na udongo wake hutupwa upande wa juu. Mwaka 1994 Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walichapisha kitabu kizima kikionyesha kwamba kati ya 1930 na 1990 watu waliongezeka zaidi ya mara tano na mmomonyoko ukapungua.

Anayepanga njia hubeba yote hayo kichwani. Huanza kwa wazee na kwa chifu, kisha huenda kwa kila mwenye shamba, akiketi na kunywa chai kabla ya kutaja pikipiki. Hutembea mlima wote kwa miguu. Haruhusu njia ishuke moja kwa moja kwenye udongo, kwa sababu alama ya tairi iliyonyooka kuteremka ndiyo mfereji wa mvua ya kwanza. Huikata njia kwa mshazari na kuishusha pale tu penye mwamba. Tuta halivukwi, na likilazimika kuvukwa huwekewa magunia ya mchanga yatakayoondolewa jioni. Baada ya mshindani wa mwisho hupita pikipiki za wafagiaji, wakikusanya utepe, wakihesabu waliokwama, wakifunga mageti ya ng'ombe. Siku inayofuata mpangaji hurudi na jembe kuziba palipochimbika, na mwenye shamba huja kukagua. Akiridhika, mwakani njia itapita hapo tena. Asiporidhika, itabidi itafutwe kwingine, na kazi huanza upya kwa miguu.