Sifa za Wang'arisha Rimu

Rimu ya alumini iliyotumika miaka mingi chini ya lori la Marekani haivutii macho. Chumvi inayomwagwa barabarani Ohio na majimbo ya jirani kuyeyusha barafu imeitafuna na kuiachia madoa meupe. Vumbi la breki limeganda kwenye matundu yake, na kila aliyewahi kuvua tairi ameacha kovu la mtaimbo ukingoni. Hata hivyo, wapo mafundi wanaoipokea rimu ya namna hiyo kwa heshima, na ni hao ninaowaandikia leo.

Ohio na alumini ni ndugu wa siku nyingi. Mwaka 1886, katika mji wa Oberlin, kijana wa miaka 22 aitwaye Charles Martin Hall alifanikiwa kuitenga metali hiyo kwa umeme, ndani ya banda la kuni nyuma ya nyumba yao. Kampuni aliyoshiriki kuianzisha Pittsburgh ndiyo iliyokuja kuitwa Alcoa, na mwaka 1948 ikabuni rimu ya lori ya alumini iliyofuliwa. Wenye malori waliipenda kwa wepesi wake. Katika barabara kuu za Marekani lori na mzigo wake kwa kawaida havitakiwi kuzidi ratili 80,000, yaani kama kilo 36,300, kwa hiyo kila kilo inayopungua kwenye rimu ni kilo ya kuongeza kwenye shehena. Mng'ao madereva waliupenda kwa hiari yao.

Mng'ao huo haupakwi. Umo ndani ya metali yenyewe, na fundi huufikia kwa kukwaruza. Tairi likishavuliwa na rimu kuoshwa, msasa wa namba 220 au 320 huondoa makovu na kuacha mikwaruzo yake. Namba 400 hupitishwa kukata mikwaruzo hiyo kwa upande, mpaka ule mstari wa mwisho wa msasa uliotangulia upotee. Kisha 600, kisha 800. Hapa ndipo fundi anapojulikana. Mwenye haraka huruka hatua moja akidhani gurudumu la kung'arishia litamfichia. Halifichi. Mkwaruzo wa 320 uliosahaulika hujitokeza juani, rimu ikiwa imeshafungwa.

Baada ya msasa huja katani. Ndiyo, katani ileile ya mashamba ya Tanga, mkonge ambao Mjerumani Richard Hindorf aliuleta pwani yetu mwaka 1893. Nyuzi zake hushonwa kuwa gurudumu gumu, likafungwa kwenye mashine, likapakwa tripoli, dawa ya kahawia iliyogandishwa kama kipande cha sabuni. Mashine ikisukumwa dhidi ya mzunguko wa gurudumu, hukata. Ikifuata mzunguko, hulainisha. Gurudumu la pamba laini na dawa nyepesi humalizia. Masizi meusi yanayobaki, mafundi wengi huyafuta kwa unga wa ngano, kwa sababu unga hunyonya mafuta bila kukwaruza. Kazi yenyewe ni ya hatari. Ukingo wa tundu unaweza kulinasa gurudumu na kumpokonya fundi mashine, na vumbi la alumini likitanda hewani huweza kulipuka likipata cheche. Fundi mwenye akili hasagi chuma palepale anapong'arishia alumini.

Ninachokisifu zaidi ya yote ni macho ya watu hawa. Hakuna mtu mwingine anayeikagua rimu inchi kwa inchi namna hiyo. Ufa mwembamba kama unywele unaoanzia kwenye tundu la nati hujificha chini ya uchafu, lakini juu ya alumini safi huonekana. Fundi mwaminifu akiuona huzima mashine na kuikataa rimu, hata kama mwenyewe amekuja na pesa mkononi. Kuuchomelea hakuruhusiwi, maana joto huiondolea alumini hiyo nguvu iliyopewa kiwandani. Vilevile haigusi mihuri ya tarehe na ya uzito unaoruhusiwa, kwa sababu rimu isiyosomeka haina wa kuithibitisha.

Siku hizi viwanda vinauza rimu zenye kinga maalumu usoni, za kuoshwa kwa sabuni na maji tu. Ukizipiga tripoli unaiharibu kinga hiyo. Ni uvumbuzi mzuri na siubezi, hasa kwa dereva asiye na nafasi. Lakini rimu isiyohitaji kusuguliwa hukosa yale macho ya karibu, na mwenye nazo itambidi ajitengee siku ya kuinama na tochi.

Rimu ya zamani iliyokamilika hurudi kazini mara moja. Nati kumi hukazwa kwa kuvukana, upande huu kisha wa pili, kwa spana yenye kipimo. Lori likishatembea kilomita 80 hadi 160, dereva husimama akazikaza tena.