Asili ya Kikenya katika Historia ya Kubuni ya Ororo Munroe: Uhakiki wa Mhusika Storm katika Katuni za Marvel

Mhusika wa katuni za Kimarekani hudumu kuliko kalamu iliyomwumba. Kila mwandishi anayempokea huongeza tukio, hufuta jingine na kulipa la tatu maana mpya. Hivyo basi, maisha ya mhusika wa aina hiyo hayawezi kusomwa kama wasifu uliopangwa na akili moja, bali kama tabaka za masimulizi zilizolaliana. Uhakiki huu unamchunguza Ororo Munroe, ajulikanaye zaidi kwa jina la Storm, kwa kuongozwa na swali moja: Kenya, iliyotajwa kuwa asili ya mama yake, inafanya kazi gani katika historia yake? Hoja inayojengwa ni kwamba katika tabaka za mwanzo Kenya ni pambo la mandhari tu, na kwamba mhusika huyu anaikaribia Afrika kwa kweli pale anapopokonywa nguvu zilizomfanya aabudiwe.

Storm alianza kuonekana mwaka 1975 katika toleo la Giant-Size X-Men namba 1, lililoandikwa na Len Wein na kuchorwa na Dave Cockrum. Katika toleo hilo anaishi Kenya, anaabudiwa kama mungu wa kike na kuwaletea watu mvua. Profesa Charles Xavier anamjia, anamweleza kwamba yeye si mungu bali ni mutanti, yaani binadamu aliyezaliwa na nguvu zisizo za kawaida, kisha anamwomba waondoke pamoja. Mwaka uliofuata, katika X-Men namba 102, Chris Claremont alimpa mhusika huyu utoto. Ororo alizaliwa Harlem, New York. Baba yake, David Munroe, ni Mmarekani Mweusi mpigapicha wa habari. Mama yake, N'Daré, ni binti wa ukoo wa kifalme kutoka Kenya. Familia ilihamia Kairo, na huko, wakati wa vita vya Suez vya mwaka 1956, ndege iliangukia nyumba yao. Wazazi walikufa. Mtoto, akiwa na umri wa takribani miaka 5, alifukiwa kwenye kifusi kando ya maiti ya mama yake. Baadaye alilelewa miongoni mwa wezi wa mitaani, na alipofikisha miaka 12 hivi alianza safari ya kwenda kusini.

Kwa upande wa ujenzi wa mhusika, nyongeza hii ya Claremont ina mantiki imara. Hofu ya mahali finyu, inayomwandama Ororo hadi utu uzima, inatokana moja kwa moja na kifusi cha Kairo. Tangu hapo, kuruka kwake angani hakubaki kuwa onyesho la uwezo tu. Kunasomeka pia kama kulikimbia kaburi alilonusurika. Nguvu na udhaifu vimetoka katika chanzo kimoja, jambo ambalo ni nadra kwa mashujaa wa katuni ambao udhaifu wao hubandikwa kutoka nje.

Hata hivyo, kasoro inajitokeza simulizi inapovuka kutoka Misri kwenda Kenya. Mtu anaweza kudai kwamba katuni ya kifantasia haiwajibiki kuifuata jiografia wala historia. Dai hilo lingekuwa na uzito kama matini yenyewe isingeichagua historia. Lakini imeichagua: Kairo ina mwaka, ina vita vinavyojulikana, ina mtaa na soko. Kwa hesabu ya matini hiyohiyo, mtoto wa miaka 5 mwaka 1956 anatimiza miaka 12 mwaka 1963, mwaka ambao Kenya ilipata uhuru. Msichana huyu, basi, anaelekea nchi ya mama yake karibu na wakati ambao bendera mpya inapandishwa Nairobi, baada ya miaka ya hali ya hatari na vita vya Mau Mau. Katika kurasa za 1975 hakuna dalili ya lolote kati ya hayo. Misri imepewa tarehe. Kenya imepewa nyika na waabudu.

Usawiri wa mvua unathibitisha pengo hilo. Magharibi mwa Kenya, miongoni mwa Wanyore, ukoo wa Nganyi unajulikana kwa utabiri na uletaji wa mvua. Maarifa yao hurithishwa kizazi hadi kizazi na hutegemea uchunguzi wa miti, wadudu na upepo. Wataalamu wa Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya wamewahi kushirikiana nao. Mtaalamu wa mvua katika jadi hiyo ni binadamu anayewajibika mbele ya jamii yake. Storm wa 1975 yuko juu ya jamii, na anapoondoka, toleo hilo halirudi kuuliza ni nani atakayewaletea mvua watu aliowaacha. Wito wa Xavier unachukuliwa kuwa mkubwa kuliko mahitaji yao, na matini haioni haja ya kuutetea.

Jina lake nalo linastahili kuangaliwa. Ndani ya simulizi, Ororo linaelezwa kuwa na maana ya uzuri. Kwa msomaji wa Kiswahili, -ororo ni kivumishi cha ulaini, kama katika ngozi nyororo. Maana hizi mbili ziko jirani, lakini matini haitaji lugha yoyote ya Kenya ambamo jina hilo limetoka. Mama amepewa nchi bila kupewa lugha.

Mabadiliko yanaanza katika miaka ya 1980. Mwaka 1983, katika Uncanny X-Men namba 170, Ororo anamshinda Callisto kwa kisu, bila kutumia hali ya hewa. Mwaka 1984, katika namba 185, silaha iliyobuniwa na Forge inamnyang'anya nguvu zake. Toleo namba 198 la mwaka 1985, lililochorwa na Barry Windsor-Smith, linamrudisha Afrika akiwa katika hali hiyo: anakwenda kwa miguu, ana jeraha, na anafika kijijini pamoja na mwanamke mjamzito. Kijiji kinasumbuliwa na ukame, naye hana mvua ya kutoa. Anachoweza kutoa ni mikono yake wakati wa uzazi. Hapa mzee wa kijiji ndiye anayefundisha, na aliyekuwa mungu ndiye anayesikiliza. Hata katika toleo hili mahali hapajabainishwa vya kutosha, lakini uhusiano umegeuka: wanakijiji wana majina, sauti na hukumu yao wenyewe. Si sadfa kwamba mara baada ya hapo, katika namba 201 ya mwaka 1986, Ororo anamshinda Cyclops katika pambano la kugombea uongozi akiwa bado hana nguvu.

Tabaka la baadaye halikuuendeleza mwelekeo huo kikamilifu. Ndoa yake na T'Challa ya mwaka 2006 ilimfanya malkia wa Wakanda, nchi ya kubuni, na asili yake ya Kikenya ikamezwa na utukufu wa taifa lisilokuwapo. Ndoa hiyo ilipobatilishwa mwaka 2012, alipoteza taji ambalo hata hivyo halikutokana na upande wa mama yake.

Inahitimishwa kuwa thamani ya Ororo Munroe haiko katika kuabudiwa kwake. Historia yake inapata uzito pale Afrika inapoacha kuwa kiti chake cha enzi na kuwa mahali penye watu wanaoweza kumpokea, kumkosoa na kumfundisha. Kazi iliyobaki kwa waandishi watakaompokea ni kumpa N'Daré kile ambacho Kairo ilipewa tangu mwaka 1976: mahali, wakati na watu wake.