Inspekta Morse na Ustadi wa Kutoharakisha

Televisheni ya ITV ya Uingereza ilianza kurusha tamthilia ya Inspector Morse Januari 1987, ikaihitimisha Novemba 2000 baada ya sehemu 33. Kila sehemu ilipewa saa mbili hewani pamoja na matangazo, yaani urefu wa filamu nzima. Ubora wake wote unaanzia hapo: waliopewa muda walijua la kuufanyia.

Chukua sehemu ya kwanza, "The Dead of Jericho". Morse anavutiwa na mwanamke anayeimba naye kwaya, kisha mwanamke huyo anakutwa amekufa, ananing'inia, nyumbani kwake Jericho, mtaa mmoja wa Oxford. Morse, aliyebobea katika vitabu, anakumbuka kisa cha Oedipus na kujenga nadharia inayoelezea kila kitu. Ni nadharia tamu, ila si kweli. Mwandishi wa mswada, Anthony Minghella, anatuacha tuiamini hadi inapoporomoka. Hapo tunaelewa Morse ni mpelelezi wa namna gani: akili yake humtangulia, na uhodari wake ni kukubali kurudi mwanzo.

Sikiliza pia muziki. Barrington Pheloung, mtunzi mzaliwa wa Australia, aliujenga wimbo wa utambulisho juu ya alama za simu za Morse. Milio miwili mirefu ni M. Mitatu mirefu, O. Mfupi, mrefu, mfupi, R. Mitatu mifupi, S. Mmoja mfupi, E. Jina la mpelelezi linagongwa polepole, huku vinanda vikiingia juu yake kwa huzuni. Pheloung alikwenda mbali zaidi: katika baadhi ya sehemu alificha jina la muuaji ndani ya muziki kwa alama zizo hizo, na mara nyingine akaficha la asiyehusika ili kuwapoteza wajuzi. Wengi hawakung'amua kitu, naye hakuifanya kazi hiyo kwa uzembe kwa sababu hiyo.

Kisha kuna waigizaji. Katika riwaya za Colin Dexter zilizozaa tamthilia hii, Sajenti Lewis, msaidizi wa Morse, ni mtu wa makamo kutoka Wales. Televisheni ilimfanya kijana wa kaskazini mwa Uingereza, mwenye mke na watoto. Badiliko hilo lilizaa uhusiano mpya. Kevin Whately anamwigiza Lewis kwa utulivu: anauliza maswali ya kawaida, anavumilia kukemewa, anamlipia bosi wake bia, na mara nyingi neno lake dogo ndilo linalofungua fumbo. John Thaw, anayemwigiza Morse, naye anajua kusikiliza. Kamera inapobaki usoni mwake wakati mshukiwa anaongea, unaona shaka ikiingia kabla hajatamka lolote.

Ndiyo maana sehemu ya mwisho, "The Remorseful Day", inauma kiasi kile. Morse anakufa hospitalini, na ujumbe wake wa mwisho ni shukrani kwa Lewis. Maneno ni machache mno, lakini yana uzito wa miaka 13 ya kukemea bila kushukuru.

Anayetaka kujifunza kutunga hadithi za upelelezi aitazame sehemu moja mara mbili. Mara ya kwanza amtafute muuaji. Mara ya pili, akishamjua, aangalie ushahidi uliwekwa wapi: ataukuta mbele ya macho yake, waziwazi, tangu mapema.