Tawala Moja, Vitenzi Viwili: Radah na Mashal katika Sura za Kwanza za Kitabu cha Mwanzo

Katika tafsiri ya Muungano ya Biblia ya Kiswahili (1952), kitenzi -tawala kinabebeshwa kazi tatu ndani ya sura tatu. Mianga ya mbinguni inatawala mchana na usiku (Mwanzo 1:16), wanadamu wanaagizwa kuwatawala samaki, ndege na wanyama (1:28), na mwanamke anaambiwa kwamba mumewe atamtawala (3:16). Msomaji wa Kiswahili ana haki ya kudhani kuwa ni utawala uleule, na kwamba mume amewekwa juu ya mke kama mwanadamu alivyowekwa juu ya wanyama. Kiebrania hakimpi nafasi hiyo. Agizo la 1:28 linatumia radah, ilhali 1:16 na 3:16 zinatumia mzizi wa mashal.

Kosa hili si la Waswahili peke yao. Hieronimo, katika tafsiri yake ya Kilatini, aliweka dominari katika 1:28 na 3:16 vilevile. Hata hivyo, uzito wake katika Kiswahili ni mkubwa zaidi, kwa kuwa utawala ni neno la ofisi na la dola. Asili yake ya Kiarabu ni mzizi uleule uliotoa wilaya na liwali, na baadhi ya wafafanuzi hufurahia kuonyesha kuwa mzizi huo una dhana ya ulinzi na udhamini. Furaha hiyo ni ya haraka mno. Tangu James Barr alipochapisha uchambuzi wake wa semantiki ya lugha ya Biblia mwaka 1961, imekuwa vigumu kutetea hoja inayopima maana ya neno kwa mzizi wake badala ya matumizi yake. Kanuni hiyo haiwezi kuzingatiwa kwa Kiebrania ikasahauliwa kwa Kiswahili.

Matumizi ya radah ni makali. Maadui huwatawala Waisraeli walioasi (Walawi 26:17), mfalme hutawala katikati ya adui zake (Zaburi 110:2), na wanyapara wa Sulemani husimamia wafanyakazi wa ujenzi (1 Wafalme 5:16). Kwa hiyo dai linalopendwa katika miongozo ya uhifadhi wa mazingira, kwamba radah maana yake ni kutunza, halisimami. Dai hilo lilipata nguvu baada ya Lynn White kuushutumu Ukristo wa Magharibi, mwaka 1967, kwa kuchangia uharibifu wa mazingira. Watetezi walikimbilia Mwanzo 2:15, penye kulima na kutunza, wakairudisha maana hiyo katika sura ya kwanza. Lakini vitenzi vya 2:15 ni vingine kabisa, abad na shamar. Nia ni njema, ila kitenzi kimelazimishwa.

Ukali wa kitenzi, hata hivyo, si ukatili. Walawi 25 inamkataza mwenye mtumishi Mwisraeli kumtawala kwa perekh, yaani kwa ukatili wa kuvunja, na inalirudia katazo hilo mara tatu (25:43, 46, 53). Neno perekh ndilo linaloeleza namna Wamisri walivyowatumikisha Waisraeli katika Kutoka 1. Kama radah peke yake ingekuwa na maana ya kukandamiza, nyongeza hiyo isingehitajika. Sheria inakubali kuwa mmoja yuko juu ya mwingine. Inachokataa ni kumfanyia kama Farao.

Ezekieli 34:4 ndiyo inayostahili kusomwa zaidi, na ndiyo inayosahauliwa zaidi katika mjadala huu. Nje ya Mwanzo, hapo ndipo radah inapoelekezwa kwa wanyama, ingawa kwa sitiari: wachungaji ni watawala, kondoo ni watu. Shtaka ni kwamba wachungaji hawakumtia nguvu aliye dhaifu wala kumfunga aliyevunjika, bali waliwatawala kwa nguvu na kwa perekh. Mfalme kuitwa mchungaji lilikuwa jambo la kawaida katika Mashariki ya Kale. Hammurabi alijiita hivyo katika utangulizi wa sheria zake. Lugha za eneo hili hazishangazwi na ukaribu huo: Mganda husema okufuga kwa kutawala nchi, na Mswahili husema kufuga kwa kuweka na kulisha mifugo. Hilo halithibitishi lolote kuhusu Kiebrania, lakini linamsaidia msomaji kuona kwamba aliyetawaliwa ana madai kwa mtawala. Katika Mwanzo yenyewe, mstari unaofuata agizo la radah unawapa wanadamu mimea kuwa chakula. Nyama inaruhusiwa baadaye, katika sura ya 9, na huko radah haitajwi.

Sasa mashal. Kitenzi hiki ni kipana: jua hukifanya, na mtumishi wa Abrahamu hukifanya juu ya mali yote ya bwana wake (24:2). Katika 4:7 Kaini anaambiwa aifanyie dhambi mashal. Hapo tafsiri ya Muungano inaiacha -tawala na kuchukua -shinda. Hasara ni kubwa, maana 3:16 na 4:7 zimejengwa kwa jozi moja, teshuqah na mashal. Kiswahili kimehifadhi nusu ya kwanza kwa tamaa na -tamani, kikaikata nusu ya pili. Mfanano uliomo umepotea, na mfanano usiokuwamo, wa 1:28 na 3:16, umeundwa.

Athari yake haiishii darasani. Agizo la radah limetolewa kwa wingi, kwa mwanamume na mwanamke pamoja. Mwanamke ni mtendaji wa kitenzi hicho kabla hajawa mtendwa wa mashal. Tena 3:16 imo katika orodha ya maumivu, na kiambishi -ta- cha Kiswahili kinaieleza vizuri kama jambo litakalokuja, si amri. Mhubiri au mshauri anayetumia mstari huo kumnyima mke sauti juu ya shamba anajengea hoja yake juu ya neno la Kiswahili.

Kubadili 3:16 kuwa “kuwa na mamlaka juu ya” kungezidisha tatizo, kwa sababu mamlaka hudokeza uhalali. Afadhali -tawala ibaki hapo na irudishwe katika 4:7, ambako uitawale ni Kiswahili safi, kwani hata nafsi hutawaliwa. Kwa 1:28, -miliki haifai kwa kuwa inaingiza haki ya mali. Kinachobaki ni -simamia: kinapoteza sauti ya kifalme ya Zaburi 110, lakini msimamizi ana aliye juu yake wa kumtolea hesabu, na aliyeumbwa kwa mfano wa mwingine yuko katika nafasi hiyohiyo.