Mgeni na Mwenyeji katika Santuri za John Lee Hooker

Waswahili wana methali mbili juu ya mgeni, nazo zaonekana kupingana. Ya kwanza yasema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Ya pili yasema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Katika ya kwanza mgeni ni heri iliyokuja kwa miguu. Katika ya pili ni kinywa kilichozidi, nacho chatakiwa kufanya kazi. Mtu atakaye kuzipima santuri ambazo John Lee Hooker, mwimbaji wa bluzi wa Marekani, aliimba pamoja na wenziwe, ataona kwamba methali hizi zamfaa kuliko vipimo vingi vya wahakiki wa muziki. Katika miaka hamsini ya kazi yake, tangu 1948 hata karibu na kufa kwake tarehe 21 Juni 2001, Hooker alikuwa mgeni katika albamu za wengine, na wengine wakawa wageni katika albamu zake. Tena nyimbo zake zilikaribishwa katika mikusanyo mingi. Swali la uhakiki ni moja: katika kila mkutano huo, nani alipona, na nani alipewa jembe?

Swali hilo halijibiki pasipo kujua kwanza namna Hooker alivyoimba. Bluzi ya kawaida ina sheria zake, kama shairi lilivyo na vina na mizani. Ubeti wake una mishororo mitatu: wa kwanza huimbwa, wa pili huurudia wa kwanza, wa tatu hujibu. Muziki unaoubeba ubeti huo hugawanywa katika hatua 12, kila hatua ina mapigo 4, na vidole vya mpiga gitaa hubadili mshiko wa nyuzi mahali panapojulikana tangu mwanzo. Kwa sababu ya sheria hiyo watu watano wasiopata kuonana waweza kukaa pamoja jioni moja wakapiga wimbo bila ya kugongana.

Hooker hakujifunga na sheria hiyo. Alizaliwa karibu na Clarksdale katika jimbo la Mississippi, akafunzwa gitaa na baba yake wa kambo, Will Moore, ambaye mtindo wake ulikuwa kukaa katika mshiko mmoja na kuuzungusha mpaka msikilizaji asahau kwamba uko mwingine. Kutoka kwake Hooker alirithi desturi ya kubadili mshiko maneno yalipokwisha, hata kama hesabu haijatimia au imepita. Vina aliviacha mara nyingi. Mtu asiyemjua aweza kudhani kwamba hakuwa na mizani kabisa. Lakini mizani alikuwa nayo katika unyayo wake. Wimbo "Boogie Chillen'", uliorekodiwa Detroit mwaka 1948 chini ya usimamizi wa Bernard Besman na kuuzwa na kampuni ya Modern ya Los Angeles, una sauti yake, gitaa lake, na mguu wake ukigonga ubao. Hapana kingine. Mwanzoni mwa 1949 wimbo huo ulifika kileleni katika orodha ya santuri zilizopendwa na Wamarekani weusi. Basi kumwalika mtu wa namna hii kuimba na bendi ni kumwalika mtu asiyekula kwa saa ya nyumba.

Ugeni wake wa awali ulikuwa wa jina. Baada ya "Boogie Chillen'" kufaulu, Hooker aliyekuwa akifanya kazi viwandani Detroit alitaka fedha taslimu, nazo kampuni nyingine zilikuwa tayari kuzitoa. Lakini jina lake lilikuwa limekwisha uzwa. Kwa hiyo aliingia kwao kwa majina ya kubuni. Katika kampuni ya King aliitwa Texas Slim, ingawa Texas haikuwa kwao. Katika Savoy aliitwa Birmingham Sam, wala hakuwa mtu wa Birmingham. Penginepo aliitwa Delta John, na Johnny Williams, na John Lee Booker, ambalo ni jina lake mwenyewe lililobadilishwa herufi moja, kama mtu aliyejificha nyuma ya mlango akaacha miguu nje. Hila hiyo haikumdanganya msikilizaji, maana mguu ule ulisikika katika kila santuri. Jina laweza kukodishwa; pigo halikodishiki. Santuri hizo zina thamani kwa mhakiki kwa sababu zamwonyesha mtu akiwa mgeni katika nyumba asizoweza kuzitaja, na bado akiimba kama aliye kwake.

Mwaka 1959 kampuni ya Vee-Jay ya Chicago ilitoa albamu iliyokusanya baadhi ya nyimbo zake zilizokwisha kutoka katika santuri ndogo, pamoja na "Dimples" ya 1956. Albamu hiyo iliitwa "I'm John Lee Hooker", yaani Mimi ni John Lee Hooker. Baada ya miaka kumi ya majina ya kuazima, anwani hiyo ina uzito wa hati ya mahakamani. Lakini mwaka huo huo kampuni ya Riverside ilimtia studio na gitaa lisilo la umeme, ikatoa albamu yenye kumtangaza kuwa mwimbaji wa bluzi ya shamba. Wanunuzi wapya, wengi wao vijana weupe waliosoma, walikuwa wakitafuta muziki wa kale usioguswa na mji. Naye Hooker, mtu wa viwanda na wa gitaa la umeme, alivikwa kanzu ya mkulima. Mkusanyo wa kampuni ya Vanguard uliotokana na tamasha la Newport la 1963 ulimweka pamoja na Mississippi John Hurt na Mchungaji Gary Davis. Ni jirani wa heshima. Lakini msikilizaji wa mkusanyo huo peke yake aweza kudhani kwamba watu hawa watatu walitoka katika shamba moja na wakati mmoja.

Hapo ndipo ilipo hatari ya mkusanyo wa nyimbo. Mkusanyaji ni kama mtunza kisima: humnywesha msafiri, lakini yeye ndiye achaguaye ndoo. Nyimbo za Hooker zimekusanywa mara nyingi mno, na aghalabu ni zile zile chache, hata mtu akaweza kununua albamu nne asipate nyimbo zaidi ya kumi na mbili. Na mara nyingine mkusanyo humkosa kabisa aliyestahili kuwamo. Katika filamu "The Blues Brothers" ya 1980, Hooker aonekana barabarani Chicago akiimba "Boom Boom". Lakini albamu ya nyimbo za filamu hiyo iliyotolewa mwaka huo haina wimbo wake. Watazamaji walimwona, wanunuzi hawakumpata.

Kati ya santuri za pamoja, ile yenye mafunzo makubwa kuliko zote ni "Hooker 'n Heat", iliyorekodiwa California mwaka 1970 pamoja na bendi ya vijana iitwayo Canned Heat na kutolewa 1971. Ubora wake umo katika mpango wake. Kwanza Hooker aimba peke yake, mguu na gitaa, mpaka sikio la msikilizaji lizoee mwendo wake. Kisha huingia mtu mmoja tu, Alan Wilson, kwa kinanda cha mdomo, au gitaa, au piano. Bendi nzima huja mwishoni. Wilson hakuwa mgeni wa desturi hii: mwaka 1964 ndiye aliyemsaidia mzee Son House kujikumbusha nyimbo zake mwenyewe baada ya kuziacha kwa miaka mingi. Katika "Hooker 'n Heat" hamtangulii mzee wala hamsahihishi. Hooker akikata hatua katikati, Wilson hukata naye; akiongeza pigo, Wilson hulijaza kana kwamba lilikuwapo tangu zamani. Hii ndiyo adabu ya mgeni hodari: kusikia nyumba inavyokwenda kabla ya kuvuta kiti. Wilson alifariki Septemba 1970, kabla ya albamu kutoka, na katika picha ya jalada sura yake imo ndani ya fremu iliyotundikwa ukutani nyuma ya wenziwe.

Kinyume cha adabu hiyo chapatikana katika santuri kadhaa ambazo bendi imepangwa kwa hesabu ya 12 na mzee akaingizwa humo. Maneno huimbwa, jina huandikwa jalada, lakini mwendo hauna uhai, kwa kuwa kila hatua yajua mahali itakapokwisha. Hooker katika bendi hiyo si mgeni wala mwenyeji, ni pambo. Wahakiki waliomlaumu kwa udhaifu wa nyimbo za namna hii wamemlaumu mtu aliyepewa jembe la mkono wa kushoto.

Mwaka 1989 mambo mawili yalitokea yaliyoipandisha sana kazi yake. Pete Townshend wa Uingereza alimpa sehemu ya mtu wa chuma katika albamu "The Iron Man", iliyotokana na hadithi ya Ted Hughes kwa watoto. Lilikuwa jambo la kushangaza, lakini lilikuwa na maana: sauti ile nzito, isiyo na haraka, yasadikika kuwa ni ya kiumbe kilichoundwa kwa chuma. Jambo la pili ni albamu yake mwenyewe, "The Healer", yaani Mganga, iliyosimamiwa na Roy Rogers. Waliofika ni wengi: Carlos Santana, Bonnie Raitt, Robert Cray, Los Lobos, Charlie Musselwhite, George Thorogood, na Canned Heat wale wale.

Kuna wasemao kwamba albamu hii ni biashara ya majina. Hoja yao haifai kudharauliwa. Majina hayo yaliuza albamu, na kufaulu kwake kulizaa nyingine za jinsi hiyo, kama "Mr. Lucky" ya 1991, ambayo wageni ni wengi hata mwenyeji mara nyingine hukosa mahali pa kukaa. Lakini "The Healer" yenyewe yastahili kusikilizwa wimbo kwa wimbo. Santana hakumletea Hooker hatua 12. Alimletea mwendo wa ngoma za Amerika ya Kusini na mshiko usiohamahama, yaani kile kile alichorithi kwa Will Moore, kikiwa katika vazi jingine. Raitt aliimba naye "I'm in the Mood", wimbo ambao Hooker aliutoa 1951 kwa sauti yake iliyorekodiwa juu ya sauti yake mwenyewe, kwa vile hakuwa na wa kumjibu. Miaka thelathini na minane baadaye jibu lilipatikana, nao wawili wakapewa tuzo ya Grammy. Na baada ya karamu yote, albamu yafungwa na "No Substitute", wimbo ambao Hooker aupiga peke yake. Jina lake maana yake ni Hakuna Mbadala.

Mwaka uliofuata, katika muziki wa filamu "The Hot Spot", alikutana na Miles Davis, mpiga tarumbeta. Hapo Hooker karibu aache maneno kabisa. Huguna na kuvuma, na tarumbeta humjibu kutoka mbali. Davis, ambaye alifariki Septemba 1991, alikuwa bwana wa kunyamaza mahali ambapo wengine hujaza, na hiyo ndiyo heshima kubwa aliyoweza kumpa mzee. Hakuna nyumba ya mmoja wala ya mwingine. Wote wawili ni wasafiri waliopumzika chini ya mti mmoja.

Yapo pia matumizi ya wimbo bila ya kumwalika mwenyewe. Kampuni ya Besman iliishtaki bendi ya ZZ Top kwamba wimbo wao "La Grange" wa 1973 ulichukuliwa katika "Boogie Chillen'". Mwaka 1995 mahakama ya rufani iliamua kwamba kuuza santuri kulikuwa sawa na kuutangaza wimbo, hata haki ya 1948 ikahesabiwa kuwa imekwisha. Ilipofika 1997 Bunge la Marekani likaibadili sheria. Katika shauri hilo mguu ule wa Detroit ulijadiliwa na wanasheria, na mwenye mguu hakuwa mdai.

Kwa hiyo hukumu juu ya santuri hizi haiwezi kutolewa kwa kuhesabu majina yaliyo jaladani. Kipimo ni kusikiliza ni nani anayemngoja mwenziwe. Wilson alingoja, Davis alingoja, Santana alileta mkeka unaolingana na chumba. Na katika santuri hizo Hooker yu mzima, na wageni wake wametoka na zaidi ya walichokuja nacho. Penye bendi isiyongoja, hata jina kubwa halikusaidia kitu. Msikilizaji anayeanza na aanze na "Boogie Chillen'" ya 1948, apate kuujua mguu. Kisha aende "Hooker 'n Heat", toka mwanzo wake bila ya kuruka. Ndipo afungue "The Healer". Akifuata njia hiyo, mkusanyo wowote atakaoletewa baadaye ataweza kuukagua mwenyewe.