Mnara Unaouhadaa Upepo

Aliyepata kusimama kwenye kijito hapa Kasekese, masika yamekolea, akachomeka ufito mrefu majini huku ameushika nchani, atakuwa amehisi jambo la ajabu kidogo: maji huusukuma ufito kuelekea yaendako, lakini kinachouchosha mkono ni mtetemo wa kushoto na kulia, unaorejea kwa mizani kama pigo la ngoma. Sababu yake huonekana nyuma ya ufito, ambako mizunguko midogo ya maji huchopoka kwa zamu, mmoja upande huu na mwingine upande ule, kila mmoja ukiuvuta ufito kwake.

Upepo nao hulitenda hivyo jengo refu. Nguvu yake hupimwa ikajibiwa kwa zege na chuma. Kinachowatia wahandisi wasiwasi hasa ni utaratibu wake, kwani kila jengo lina mwendo wake wa asili wa kuyumba, na mizunguko ya hewa ikiafikiana na mwendo huo, yumbo huzidishwa na yumbo, mithili ya mtoto asukumwaye katika pembea, hata wakazi wa orofa za juu washikwe na kisunzi.

Burj Khalifa ya Dubai, yenye kimo cha mita 828, iliyofunguliwa mwezi Januari 2010, ilimtaka mhandisi wake, Bill Baker, atafute hila badala ya ubavu. Mabawa yake matatu yameshikamana na kiini cha pembe sita, na kadiri mnara upandavyo, bawa moja baada ya jingine hukatwa kwa kuzunguka, hivyo kila daraja upepo hukuta umbo jingine, mizunguko ikachopoka kwa kasi mbalimbali isiweze kupatana. Vielelezo vidogo vilipulizwa upepo maabarani mara nyingi, na kwa matokeo yake mikato ikapangwa upya, mnara wenyewe ukageuzwa ili pepo kuu zikutane na ncha za mabawa, kama mawimbi yanavyopasuliwa na omo ya jahazi.

Wapo wadhanio kwamba mnara wa duara ungeteleza tu katika upepo. Waulizwe wajenzi wa mabomba ya moshi ya viwandani, ambao aghalabu huyaviringishia sehemu ya juu mbavu za chuma mfano wa parafujo. Ufito wetu nao, ukizungushiwa kamba nene kwa mtindo huohuo, mtetemo hupungua mkononi.